Besi inapotea chumbani, ikifika kwenye gari inanguruma. Nifanyeje?

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi na mwenzangu tunarekodi nyimbo zetu wenyewe huku Temeke, kwenye chumba changu cha kupanga. Mimi napiga gita na besi, yeye anaimba. Haituletei ugali, mchana kila mtu ana shughuli zake. Vifaa ni laptopu, kadi ya sauti ya kuchomekea gita na maiki, hedifoni, na sabufa ya kawaida ambayo ndiyo spika yetu.

Kurekodi sauti hakutusumbui. Tunasubiri usiku mtaa utulie, tunasimamisha godoro nyuma ya mwimbaji, tunatundika mablanketi pembeni na kuzima feni (joto lake usiulize), na sauti inaingia safi. Kasheshe ni besi.

Wimbo tulio nao sasa uko kwenye ufunguo wa A, yaani noti ya A ndiyo makao yake. Meza yangu iko katikati ya chumba. Nikikaa kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti zote, kila besi ikitua kwenye A ya chini inafifia kama vile mpigaji kaondoa kidole. Noti nyingine ziko sawa. Basi naipandisha mpaka isikike vizuri. Tukiupeleka wimbo kwenye gari la shemeji, A hiyohiyo inanguruma mpaka vioo vinatetemeka, na mwimbaji humsikii anasema nini.

Nimechunguza, na nadhani chanzo nakijua. Chumba ni kumi kwa kumi, futi kumi kila upande, yaani kama mita 3. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Ukigawanya kwa mita 6, ambazo ni kwenda ukutani na kurudi, unapata kama hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. A ya chini ya besi ni hezi 55. Chumba chenyewe kinaitikia noti ile: inajaa kwenye kuta na kona, katikati inakufa. Na kwa kuwa ni mraba, upana na urefu vyote vinaangukia palepale. Nilipiga A moja mfululizo kwenye kompyuta huku natembea. Kwenye kona ya kabati inakugonga kifuani, ukirudi mezani haipo.

Mwenzangu anataka tubandike trei za mayai ukuta mzima. Keshazikusanya kwa muuza chipsi, zimerundikana mlangoni kwangu na mende wake. Mimi trei siziamini. Labda zitapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu, lakini wimbi la hezi 55 lina urefu wa zaidi ya mita 6. Karatasi ile italifanya nini? Tena ikidondokewa na cheche ya moto sijui tutakimbilia wapi.

Tulijaribu pia kuhamisha wimbo. Kwenye C besi ilitulia, ila mwimbaji akawa anapiga kelele kwenye kiitikio. Kwenye G sauti yake ikazama. A ndiyo kwake. Kumiksi kwa hedifoni peke yake kunasaidia upande wa besi, maana A inasikika sawa na wenzake, lakini kila nikifanya hivyo sauti ya kuimba inakuja kuwa ndogo kwenye spika za simu, na huko ndiko watu wengi watatusikilizia.

Tuna laki nne tuliyochanga wote wawili, kwa hiyo siwezi kuamua peke yangu. Mwenzangu anasema trei zikishabandikwa, pesa yote iende kwenye spika za studio. Hofu yangu ni kwamba spika nzuri kwenye chumba kilekile zitanidanganya vilevile, kwa bei kubwa zaidi. Mimi nafikiria kusogeza meza ikaribie ukuta mmoja, kujaza kona magodoro mazito ya sufi, na kiasi kinachobaki tumlipe prodyuza mwenye chumba kilichotengenezwa atumiksie wimbo huu mmoja, sisi tukimpelekea kila traki (gita, besi, sauti ya kuimba) peke yake. Mwenye nyumba hataki msumari ukutani, kwa hiyo chochote kisimame chini.

Naomba unisaidie haya: meza ikae umbali gani kutoka ukutani? Godoro la sufi kwenye kona litapunguza kweli besi ya chini namna ile, na liwe nene kiasi gani? Na huyu ndugu yangu nimwambieje kuhusu trei zake bila kumvunja moyo? Maana kazibeba kwa miguu toka Tandika.

Ni mimi msomaji wako,
Mpiga Besi wa Kumi kwa Kumi,
Temeke, Dar es Salaam