Lumbesa ya miti: kwa nini tunapima shamba kabla hujaliuza

Sisi tunawapimia wakulima mashamba ya miti, na simu nyingi zinazoingia ofisini kwetu hapa Mafinga huanza hivi: "Ekari ya paina siku hizi inauzwaje?" Nasi, bila kukusudia kuudhi, hujibu swali kwa maswali. Ina miti mingapi? Mnene kiasi gani? Uliipogolea? Hapo simu hunyamaza kidogo, kisha mtu anasema: "Mnunuzi alishakuja kuliangalia, akataja bei."

Kuangalia kwa mnunuzi si kwa mchezo. Anapita katikati ya mistari dakika ishirini, na akirudi barabarani ameshajua lori lake litajaa mara ngapi. Mwenye shamba, aliyepanda na kupalilia na kulala macho msimu wa moto, ndiye pekee asiyejua.

Mkulima yeyote wa viazi wa Njombe anaijua lumbesa: gunia linaongezewa kichuguu juu, wewe unalipwa gunia moja. Kuuza miti kwa ekari ni lumbesa ileile. Ekari ni kipimo cha ardhi, na ardhi huuzi. Unauza ujazo wa mti.

Tuuone ujazo huo kwa tepu. Mti wenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 15 una takriban mita za ujazo 0.21. Ukiuacha ukafika sentimita 30 na mita 20, unakuwa na kama 0.64. Kwa macho umenenepa nusu tu. Kwa ujazo umekuwa mara tatu, kwa sababu kipenyo kinajizidisha chenyewe kabla ya urefu kuingia hesabuni. Na bado hatujagusa saizi za mbao: mti mwembamba utakupa papi, zile mbao nyembamba za paa, na mbao chache za inchi mbili kwa nne; ubao mpana wa moja kwa nane hupati.

Ndiyo maana umri unatuumiza kichwa. Wakulima wadogo wengi huku kwetu huuza paina ikiwa na miaka minane au kumi, wakati shamba la serikali la Sao Hill, jirani yetu, hupanga kuvuna kuanzia miaka 18. Hatumlaumu mtu. Januari ina ada, ugonjwa hauangalii umri wa mti, na kaburi la mzazi halisubiri. Tunachosema ni kwamba mara nyingi shida ni ya ekari moja, ila mtu anauza nne kwa sababu mnunuzi amesema lori haliji kwa ekari moja.

Njia mojawapo ni kupunguza. Ukipanda kwa mita tatu kwa tatu, ekari inabeba miti kama 450, na yote haiwezi kunenepa. Inayobanwa, iliyopinda na yenye vilele viwili ikitolewa mapema inakuwa mirunda, kuni, fito za banda. Pesa si nyingi, lakini inatosha kuvuka mwezi mgumu, na iliyobaki inapata mwanga. Tunajua ugumu wake: kuna mama mmoja alisimama mbele ya mti tuliouwekea alama ya rangi akatuambia, "Huu niliumwagilia kwa kikombe." Tulihamishia alama kwenye wa jirani yake. Kitaalamu tulikosea, na tungekosea tena.

Kuhusu kupogolea niseme kwa ufupi: matawi yakiachwa yanakuwa vifundo, na mbao ya vifundo inavunjwa bei. Anza mti ukiwa mdogo, kwa msumeno wa mkono. Panga huacha kidonda.

Tukija shambani tunafanya nini? Hatupimi kila mti. Tunachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 11.3, ambalo ni karibu sehemu ya kumi ya ekari. Ndani yake tunahesabu miti yote na kuizungushia tepu kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kisha tunapima urefu wa michache. Tunarudia sehemu kadhaa, bondeni na mlimani, maana mti wa bondeni humdanganya mtu aliyeanzia huko. Unapewa karatasi moja: idadi, unene, ujazo. Bei ya soko hatuiandiki kwa sababu hubadilika. Ujazo ndio utakaokaa nao mezani mnapopatana.

Halafu kuna mashine za kupasulia mbao. Dingdong, zile ndogo za kuhamishika, zimewasaidia wengi, zinafika mahali ambapo hakuna kiwanda kitafika, lakini msumeno wake ni mnene. Ukila milimita 6 kila unapopita, mikato minne imegeuza unga ubao mzima wa inchi moja. Msumeno wa mkanda hula kama theluthi ya hapo. Mwenye mashine ya mkanda, hata hivyo, haji kwa ekari moja, na hapa ndipo umoja unapoleta faida inayoonekana. Tangu mpango wa Panda Miti Kibiashara uanze mwaka 2014 kwa msaada wa Finland, vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini vina vyama vya wakulima wa miti. Chama kikikusanya mashamba ya umri mmoja kikauza kwa pamoja, mnunuzi ndiye anayefuata. Na si kwa miti ya kupandwa tu: mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, kwa misitu yao ya asili yenye mpingo, wakiwa kundi. Kijiji kimoja kimoja gharama ya ukaguzi isingebebeka.

Mambo mawili tunayokataa. La kwanza, kupima shamba lenye mgogoro wa mpaka. Kama huna hatimiliki ya kimila, angalau wajumbe wa kijiji na majirani wapite mpakani nasi siku hiyo. La pili, kushauri milingoti, yaani mikaratusi, kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni kandokando ya maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, na hata isingetaka, anayelima mboga za kiangazi chini yako atakwambia maji yalikokwenda.

Gharama yetu ni ya siku, haina asilimia ya mauzo, na sisi hatununui miti. Tungekuwa tunanunua, tepu yetu ungeiamini vipi?

Kabla hatujaja, fyeka njia ya kuingilia na utafute anayekumbuka mwaka wa kupanda. Na kama mnunuzi ameshaleta chenso, yaani msumeno wa injini, piga simu kabla hajaanza kuangusha. Kisiki tunaweza kukipima, lakini urefu utakuwa umeshapanda lori.