Malalamiko: laptopu "mpya" mliyoniuzia kwenye duka lenu la Kariakoo

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naandika hii barua kwa sababu dukani nimeshaongea mpaka basi, na WhatsApp mnasoma meseji hamjibu, sasa naona bora niweke kila kitu kwa maandishi mkubwa wenu naye aone.

Nilinunua kwenu laptopu ya shilingi 450,000 kwa ajili ya mdogo wangu anayesoma uhasibu chuo, mwaka wa kwanza. Hela ilitoka kwa mama, alipopokea zamu yake ya mchezo akasema mtoto anunuliwe kompyuta mpya kabisa asihangaike na mitumba. Tangazo lenu mpaka leo bado lipo hewani, limeandikwa "mpya, SSD 64GB, RAM 4GB inaongezwa, spidi kali, inafaa chuo na ofisi". SSD ni diski ya kasi ya kuhifadhia mafaili, na RAM ni kumbukumbu mashine inayoitumia ikiwa kazini. Na kijana wenu wa mauzo nilimuuliza palepale kaunta, hii RAM kweli inaongezwa? Akasema inaongezwa bila shida, dogo akipata hela huko mbele aje tu tutamwekea.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mashine ikiwashwa unaweza ukaenda kukoroga chai ukarudi bado inatafuta, akifungua Excel na kivinjari kwa pamoja inaganda, darasa la Zoom likianza ndo kabisa sauti inakatika katika mpaka anaishia kuingia kwa simu na kumaliza bando lake. Muda si mrefu Windows nayo ikagoma kufanya apdeti, inaandika nafasi haitoshi, wakati mtoto hajaweka hata muziki mle ndani. Hizo 64GB zenyewe ukiangalia zinasoma kama 58, Windows 11 inakula sehemu kubwa, weka Office, weka mafaili ya apdeti, kimebaki nini? Microsoft wenyewe wameandika kwamba Windows 11 inataka angalau RAM ya 4GB na nafasi ya 64GB, yaani hicho ndo kiwango cha chini kabisa cha kuiwezesha kuwaka, halafu nyie kiwango cha chini kabisa ndo mmekiandikia "spidi kali".

Alipofunga chuo nikaipeleka kwa fundi aongeze RAM na aweke diski kubwa. Akafungua, akaniita nije nione kwa macho yangu. Hakuna sloti ya RAM. Hakuna kabisa, RAM imelehemewa kwenye bodi, na hiyo mnayoiita SSD siyo SSD, ni eMMC, chipu ya aina ileile inayowekwa kwenye simu za bei ya chini, nayo imelehemewa hapohapo kwenye bodi. Kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala cha kubadilisha, na siku hiyo chipu ikifa huchomoi diski ukaweka nyingine, unazungumzia bodi nzima, na kazi za mtoto zilizomo ndani kuzipata ni shughuli nyingine. Na msije mkaniambia waranti imekufa kwa sababu imefunguliwa, imefunguliwa ili kufanya kitu kilekile mlichoniambia kinafanyika.

Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Celeron N4020 ya Intel, imetoka mwishoni mwa 2019, koa 2 tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Intel hawajaficha kitu, wameiweka wazi kwenye tovuti yao kila mtu asome. Kwenye tangazo lenu mmeandika "Intel" basi, mkaishia hapo. Wakati mitaa hiyohiyo ya Kariakoo, kwa bei inayokaribiana na hiyo, mtu anapata Dell Latitude 7490 au ThinkPad T480 ya mtumba, mashine za 2018 zenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nane, koa 4, SSD ya kweli, RAM unaongeza mwenyewe, na Windows 11 inazikubali. Ndiyo, betri inaweza ikawa imechoka na boksi hamna, lakini mwanafunzi anafanya kazi nayo mpaka anamaliza chuo. Ningeambiwa ukweli pale kaunta mama yangu angekuwa na uchaguzi, na huo uchaguzi ndo mliomnyima, hilo ndo linaloniuma kuliko hata hela.

Sisemi kompyuta ya bei chee haifai, msinielewe vibaya. Mashine kama hii ni nyepesi, haina feni ya kupiga kelele, haili umeme, mtu wa kuandika barua na kusoma imeili au mtoto wa shule ya msingi inaweza ikamtosha na akafurahi nayo. Basi muuzieni huyo, mwambieni ni eMMC, mwambieni RAM haiongezwi, aamue mwenyewe. Mtu wa chuo anayeshinda kwenye Excel msimuuzie kwa maneno matamu.

Na niliporudi dukani dada wa kaunta akanijibu mbele ya wateja wengine, "kwa laki nne na nusu ulitegemea nini?" Jamani. Nilitegemea kilichoandikwa kwenye tangazo. Laki nne na nusu kwa mama yangu ni hela ya muda mrefu, na watu wengi wanaokuja kwenu kununua hizi za bei ya chini ni watu wa aina yake, wanaojikusanya kidogo kidogo na hawana pesa ya kununua mara ya pili. Mwenye milioni mbili akipigwa atanunua nyingine, hawa wakipigwa ndo basi.

Ninachotaka ni mnirudishie hela yote, au mnipe mashine nyingine ya thamani hiyohiyo ambayo RAM inaongezwa kweli, na niione imefunguliwa kabla sijaipokea. Pili, mbadilishe tangazo, mfute "SSD" na "inaongezwa" na muandike jina kamili la prosesa. Mkikaa kimya napeleka hii barua pamoja na picha za tangazo na za bodi Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 imekataza kumpotosha mteja na hapa ushahidi ni maandishi yenu wenyewe.

Mdogo wangu anafungua chuo mwezi ujao na ana kazi za kukusanya wiki za mwanzo, nahitaji jibu kabla hajaondoka. Mashine, chaja, boksi na risiti ya EFD vyote ninavyo. Niambieni siku ya kuleta na nani wa kumuona, asiwe yule kijana aliyeniuzia.

Mteja wenu,
Mbagala, Dar es Salaam