Kurudia wimbo wa zamani si kuishiwa

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii kwamba mwimbaji anayerudia wimbo wa watu ameishiwa. Nimepiga dramu kwenye bendi miaka 11. Naomba nimjibu kwa wimbo mmoja tu, "Try a Little Tenderness".

Bendi ya Ray Noble iliurekodi Uingereza mwaka 1932. Ni wimbo wa taratibu, unawausia wanaume wawe wapole kwa wanawake waliochoka, wanaovaa gauni lile lile kila siku. Wosia mzuri, lakini anayeutoa ni kama mtu aliyejikalia kitini, hana presha.

Mwaka 1966 Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, akaurekodi upya Memphis. Tarumbeta zinamfungulia njia, naye anaingia kwa sauti ya chini. Kisha mpiga dramu wake, Al Jackson, anaanza kugonga ukingo wa dramu kwa kijiti, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani nyumba nzima ikiwa imelala. Otis bado ametulia, ila saa ile imeshaanza kumkimbiza. Vyombo vinaingia kimoja kimoja, mpaka mwisho mtu hausii tena, anaomba, anapiga kelele, maneno yanamkatikia mdomoni. Na mashairi kwa sehemu kubwa ni yale yale ya 1932!

Sisi tuliupiga mbio tangu mwanzo, kwa sababu watu walitaka kucheza. Usiku mmoja mke wangu alikuja kutusikiliza. Njiani tukirudi akaniambia, "Mmeanzia pale mwenzenu alipomalizia." Nilinuna. Mpigaji ni mimi, yeye anajua nini?

Kesho yake nikaweka rekodi, nikasogeza sikio kwenye spika, nikawa navisubiri vile vijiti. Ilipofika sehemu ya gauni nikainua macho. Gauni lake la bluu lilikuwa kwenye kamba ya kuanikia, bega limeshonwa kwa uzi mweusi. Ndilo alilovaa jana yake, na mara ya mwisho tulipotoka pamoja, na mara ile nyingine kabla ya hapo. Mara ngapi nimeupiga wimbo ule bila kuliona gauni lile?

Wimbo haukuwa wangu, wala Otis hakuutunga. Lakini bila yeye kuurudia, ningeendelea kuucheza tu.

Namwomba msomaji yule ausikilize tangu sekunde ya kwanza, asiruke mbele, kisha atuandikie tena.

Mpiga dramu mstaafu