Barua kwa mpwa wangu mchoraji

Mpwa wangu mpendwa,

Juzi uliniambia huwezi kuchora mandhari mpaka usafiri, maana hapo kijijini hakuna kitu. Neno hilo limenikaa moyoni. Naomba nikusimulie habari za John Constable, mchoraji wa mandhari wa Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1776 East Bergholt, Suffolk, mtoto wa mwenye vinu vya kusaga nafaka. Maisha yake yote hakuwahi kukanyaga nchi nyingine nje ya Uingereza. Picha zake kubwa nyingi ni za Mto Stour na kinu cha baba yake cha Flatford, mahali alipocheza utotoni. Ujanani alifanya kazi vinuni, na anayeendesha kinu cha upepo hana budi kuisoma mbingu.

Hapo kwenye mbingu ndipo ninapomheshimu zaidi. Mwaka 1821 na 1822 alikuwa akitoka na kisanduku cha rangi pale Hampstead, London, anabana karatasi ndani ya kifuniko, anachora mawingu kwa rangi za mafuta, mbiombio, kabla hayajahama. Kisha nyuma ya karatasi anaandika tarehe, saa na upepo unakotoka. Wingu lina saa yake, mpwa wangu! Ukishalijua hilo, huwezi tena kupaka buluu juu ya picha ukaiita anga.

Lakini si kwamba kila kitu alikimalizia nje. Picha yake "The Hay Wain", yaani gari la kubebea majani makavu, yenye upana wa sentimita 185 hivi, aliichorea London. Alianza na picha ya majaribio ya ukubwa uleule, aone mwanga na kivuli vinakaaje. Gari la kubebea majani lilipomtatiza, aliomba kijana mmoja wa kwao alichore lile halisi, amtumie. Mwaka 1821 ilioneshwa London, ikakosa mnunuzi. Mwaka 1824 ikapata medali ya dhahabu Paris.

Itazame vizuri miti yake. Hakukoroga kijani kimoja akakitandaza. Aliweka kijani cha kila namna, kimoja kando ya kingine, na juu yake vitone vyeupe vya unyevu unaomeremeta.

Basi wiki hii uchore ule mwembe wa bibi: asubuhi, adhuhuri na jioni, kwenye karatasi ndogo, na nyuma uandike saa. Nitumie zote, hata zile usizozipenda. Nataka unieleze umeona kijani cha namna ngapi.

Mjomba wako