Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Injini Zetu na Alama za Kiwandani

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtayasikia kwa mhazini. Mimi nitabaki kwenye ubishi uliotusumbua mwaka mzima: injini za magari yetu ya zamani zinatoka kwenye rangi ziking'aa kama sinia jipya, lakini alama za kiwandani hazionekani tena.

Nianze na kosa langu. Bloku, yaani mwili wa injini, ya Chevrolet yangu ya 1969 niliipeleka kusawazishwa uso wa juu, pale inapokaa silinda hedi, kifuniko cha silinda. Pale mbele ya silinda hedi ya kulia, ilipogongwa namba ya injini inayoitambulisha na gari lake, pako usawa mmoja na uso huo, na mashine ilipopita ikaondoka na namba yote. Fundi sikumwonya, simlaumu. Nyuma ya bloku bado pana tarehe ya kumiminwa chuma, C 14 9: herufi C ni Machi, 14 ni siku, 9 ni mwaka. Hiyo yataja siku tu. Injini ilifungwa kwenye gari gani, haisemi.

Namba angalau watu huiogopa. Zinazopotea kimyakimya ni alama ndogo: doa la rangi la mkaguzi, mwandiko wa chaki, muhuri wa wino, kile kibati cha Ford kinachobanwa na bolti ya koili ya kuwashia. Hizi hupotea siku ya kuosha, kabla hata kopo la rangi halijafunguliwa, kwa brashi ya waya na dawa kali.

Kwa hiyo piga picha injini ikiwa bado chafu. Laza nailoni angavu juu ya kila alama uichore kwa ukubwa wake halisi. Kisha futa taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Penye namba usipitishe msasa. Paka grisi kidogo kabla ya kupulizia, rangi haitashika hapo, nawe utaipangusa baadaye. Namba iliyofifia hujitokeza ukiisugua chaki.

Je, alama zilizofutika tuzirudishe? Za rangi na wino, ndiyo, mradi picha ipo. Namba, hapana. Kuigonga upya mimi naiita kughushi, hata kama fundi ana mkono mzuri kiasi gani. Najua wapo watakaonuna.

Napendekeza mkutano uamue kwamba injini yoyote inayoshindanishwa ije na picha zake za kabla ya kuoshwa. Yangu nimeshaiondoa kwenye orodha.

Mwenyekiti