Kijiwe cha bao si maficho ya wavivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema vijiwe vya bao hapa Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, ni maficho ya wavivu. Wavivu wapo, sikatai. Hata maofisini wapo.

Lakini litazameni bao lenyewe. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, huingiza moja moja tu. Kijana anayemaliza mshahara tarehe tano angekaa hapo alasiri moja. Tena ukiweza kula, lazima ule, upende usipende. Mjanja hukulisha kete chache kwa makusudi, akijua utakapoishia, kisha akaila nyumba yako, lile shimo lako kuu lenye akiba ya kete. Mikopo ya haraka ya simu huwanasa watu vivyo hivyo, na wengi mtaani kwetu wameshalishwa.

Jambo jingine: tofauti na drafti, kete iliyoliwa haitolewi nje. Inasambazwa upande wa aliyekula, na baadaye yaweza kurudi kwako. Ndiyo maana wazee hawakati tamaa mapema, wala hawashangilii mapema.

Manispaa ziweke mabenchi kivulini kwenye viwanja vya wazi, na shule ziwaalike wazee kufundisha katika kipindi cha michezo. Wanaocheza kwa fedha waondolewe. Hao hawakuja kwa ajili ya bao.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam