Risala ya Kikundi Chetu cha Waswahili kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo, na nyie wote hamjambo. Najua umeshangaa kuletwa baa mchana kweupe tena na watu ambao nusu yao hata bia hawagusi, mezani ni soda na chai ya maziwa tu, lakini subiri tukueleze.

Hii ni pabu ya kijiji cha Kiingereza, yaani nyumba ya watu wote, na sisi wageni tulipofika huku hakuna mlango mwingine uliotufungukia haraka hivi. Zamani akina mama walikuwa wanapika pombe nyumbani kwao, ikiiva anachomeka mti wenye majani mlangoni watu wajue. Mwaka 1393 mfalme Richard wa Pili akaamuru anayeuza aweke alama nje, asiyeweka pombe yake inachukuliwa, na kwa vile wengi hawajui kusoma ikawa ni picha. Ule ubao wa kulungu mweupe uliouona pale nje, White Hart, ndo nembo ya mfalme huyohuyo. Ikaja sheria ya 1830, mlipa kodi yeyote akilipia leseni anauza bia sebuleni kwake, basi hapo zikaota kama uyoga.

Bia yenyewe inakaa kwenye mapipa chini ya sakafu, inavutwa kwa pampu ya mkono, haina baridi ile ya friji, ndo maana wenzetu wakionja mara ya kwanza wanadhani umeme umekatika. Pembeni moto wa kuni, mbwa kalala miguuni kwa mtu, wazee wanarusha vishale, na ukikaa tu ukasubiri mhudumu utakaa mpaka jioni, huku unaenda kaunta mwenyewe, na ukinunuliwa raundi na wewe unarudisha.

Changamoto yetu mheshimiwa, mwenye pabu hii anaiuza. Sheria ya 2011 inaruhusu kijiji kuiandikisha kama mali yenye thamani kwa jamii, ikishaandikishwa wanakijiji wakiomba wanapewa miezi 6 ya kujichangisha kabla haijauzwa, japo mwenyewe halazimiki kuwauzia wao. Imeshaandikishwa, hisa za kuchangia kuinunua zinauzwa, na kikundi tumechanga lakini bado hatujafikisha, kwa hiyo ombi letu ni moja tu, utuongoze harambee leo hii.

Naomba kuwasilisha, na chakula cha kuku wa kuoka kinaagizwa kaunta, twende wote.